Kipimo cha Mguu Mmoja

Watu wakija kutazama ndege huenda mbele. Hugusa propela kwa kidole, kama wanaojaribu pasi, kisha huchungulia kioo cha rubani waone saa na mishale yake. Haendi mtu nyuma. Huko nyuma, chini ya mkia, kuna kigurudumu cheusi kisichozidi sahani, kama kilichong'olewa kwenye mkokoteni wa sokoni. Hapo ndipo ungemkuta mwanamke mmoja, amepiga magoti juu ya kipande cha godoro kuukuu, kitambaa kichwani, bisibisi mdomoni. Kiwanjani walimwita Mama Mkia. Mwanzoni lilikuwa jina la utani, baadaye hata makasha ya vipuri vyake yaliandikwa hivyo.

Hakuanza na magurudumu, alianza na sindano. Ndege za kiwanja kile zilikuwa ndogo na kongwe, na mbawa zake zilivishwa kitambaa kilichokazwa juu ya mbavu za mbao, kikapakwa rangi nzito hadi kikalia kama ngoma ukikipiga. Kitambaa kikichanika, panahitajika mshonaji. Fundi mkuu wa siku hizo, mzee mnene mwenye vidole vinene, alikuwa akianza kutunga uzi chai ikiwa moto, na akimaliza chai imepoa. Siku moja alichoka, akaingia mtaani kutafuta mtu. Katika chumba cha mbele cha nyumba moja alimkuta msichana akikata gauni juu ya meza ya kulia chakula, mama yake pembeni akishika kitambaa kisiteleze.

"Binti, unaweza kuivalisha ndege?"

"Ina kiuno?"

"Haina."

"Basi rahisi. Ilete niipime."

Alishona mbawa miaka mingi. Mkia aliupata kwa sababu mzee yule hakuweza tena kupiga magoti bila kuvutwa na watu wawili kuinuka. Mzee alisimama kando yake, mikono kiunoni, akimfundisha kwa maneno. Ndege yenye gurudumu nyuma, alimwambia, ni kama mkokoteni unaosukumwa kinyumenyume. Uzito mwingi umekaa nyuma ya magurudumu makubwa, na uzito huo muda wote unatamani kupita mbele. Ukiuruhusu mkia uende pembeni kidogo, utataka kwenda zaidi, na kufumba na kufumbua ndege imegeuka inatazama ilikotoka, bawa moja linalima ardhi. Kinachoizuia ni kigurudumu kile, minyororo miwili myembamba inayokiunganisha na usukani wa mkia, na miguu ya rubani juu ya pedali. Akikanyaga kulia, mnyororo wa kulia unavuta, ndege inakwenda kulia. Akikanyaga kushoto, vivyo hivyo.

Akaelewa haraka, kwa njia yake. Kila baada ya safari kadhaa za nyasi na vumbi aliuinua mkia akaukalisha juu ya kigoda cha mbao, akafungua gurudumu. Beringi aliziosha kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, kisha akazizungusha karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa. Grisi ya zamani aliipikicha kati ya vidole: yenye mchanga ilikwaruza, yenye maji ilikuwa nyeupe kama uji. Alitazama majani ya springi, vile vyuma vilivyolaliana kuubeba mkia, asije akavikuta vimechoka na kunyooka. Vikinyooka, egemeo la gurudumu huinama mbele, na gurudumu likigusa ardhi hutetemeka kama mtoto mwenye homa. Mwisho alishika minyororo, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, akaipima kwa kuivuta, macho ameyafumba.

Mume wake alikuwa rubani wa mojawapo ya ndege hizo. Enzi za uchumba alikuwa akija karakana kila jioni kulalamika: leo gurudumu linalia, kesho linapiga kelele, keshokutwa limenyamaza mno. Yule mzee mnene alimsikiliza wiki nzima, akamwambia mbele ya watu, "Kijana, wewe huna tatizo la gurudumu. Peleka wazazi kwa kina binti." Akawapeleka. Tangu hapo kazini walibaki Fundi na Rubani, nyumbani Mama na Baba. Maneno yao mengi ya mchana yalipitia kwenye ile ndege. Yeye alitua, akazima injini, akasema inavyojisikia. Mkewe alipiga magoti, akaitengeneza ijisikie vingine. Kuna watu hupendana kwa barua, na kuna wanaopendana kwa chakula. Wao walikuwa na mkia wa ndege kati yao.

Mwaka ule, mvua zilipoisha, Rubani alishuka akisema, "Fundi, inavuta kushoto."

Haikuwa habari. Injini ile ilivuta kushoto tangu kuumbwa kwake. Kila rubani anapoondoka hukanyaga pedali ya kulia kuizuia, na kila rubani hulalamika, kama watu wanavyolalamikia jua. Fundi akapunguza mnyororo wa kulia pingili moja. Kesho yake mume akashuka anatabasamu. "Sasa hivi ndiyo ndege."

Baada ya muda: "Imeanza tena, mke wangu. Kushoto." Akabana zaidi. Baadaye akabadilisha kispringi cha mnyororo wa kulia, akaweka kigumu kuliko mwenzake. Hakuona ubaya. Mteja akikuambia kwapa linabana, humwambii mkono wako umenenepa. Unaachia mshono anavaa. Ndivyo mama yake alivyomlea kwenye ile meza ya kulia chakula: nguo ndiyo inayomfuata mtu, mtu haifuati nguo.

"Hakuna mwingine anayejua kunishonea kama wewe," Rubani alisema, akimpiga begani kwa glavu zake.

"Na wewe hakuna mteja msumbufu kama wewe. Ningekufukuza, ila una watoto wangu."

Ikawa hivyo hadi ile wiki Rubani alipochukua ruhusa kumpeleka binti yao chuoni. Zamu yake ilichukuliwa na rubani mwanamke, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya kiwanja. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujaza nafasi za wenzake, wote walimwita Dada Zamu. Asubuhi ile alipakia maboksi ya dawa na vifaranga, akaondoka. Mama Mkia alikuwa mlangoni mwa karakana, kikombe mkononi. Aliiona ndege ikienda mbio, ikapinda kulia, ikarudishwa, ikapinda tena, ikapaa ikiwa ukingoni kabisa mwa nyasi fupi. Kikombe kilibaki hewani.

Ilirudi mchana, vifaranga wakiwa bado ndani, kwani huko kulikokusudiwa rubani alizunguka juu ya kiwanja kifupi, akakitazama, akaona asijaribu. Hapa nyumbani palikuwa na nafasi. Magurudumu makubwa yaligusa vizuri. Mkia uliposhuka tu, ndege ikajitupa kulia. Ikaacha njia, ikapita kwenye majani marefu ikijizungusha, ncha ya bawa ikayafyeka majani, ikasimama ikiwa imetazama upande, hatua chache kutoka kwenye uzio. Injini ikazimika. Vifaranga wakasikika, kelele kama darasa lililoachwa bila mwalimu.

Mama Mkia alifika akihema.

"Umeumia?"

"Mimi mzima." Dada Zamu alikuwa bado na mkanda kifuani. "Abiria wangu ndio wanataka kuongea na wewe." Akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. Akashuka, akakaa kwenye majani. "Mama Mkia, hebu niambie. Hii ndege umemshonea nani?"

"Imefanyaje?"

"Kuondoka nilikanyaga kulia kama tunavyokanyaga wote. Ikaenda kulia, ikaenda jumla! Nikasema labda upepo. Kutua, mkia umegusa tu, imeniondokea kama ng'ombe aliyeona maji. Kaka anairushaje hii?"

"Siku hizi halalamiki."

"Halalamiki kabisa?"

"Anaisifu."

Dada Zamu alimtazama, akang'oa jani, akaliweka mdomoni. "Basi miguu yake na yangu haijafanana," alisema.

Waliisukuma hadi karakana. Mama Mkia alikalisha mkia kwenye kigoda, akaanza kutafuta. Alitafuta kwa bidii ya mtu anayetaka kukuta kitu kimevunjika. Beringi ziliimba vizuri. Tairi lilikuwa na upepo wake. Majani ya springi hayakuwa na ufa, na egemeo lilisimama wima. Kile kijino kinacholifunga gurudumu lisizunguke ovyo kilikuwa kimekaa mahali pake, makali yake mapya. Kila kilichoonekana kizima kilimnyima raha. Mwishowe ikabaki minyororo, na minyororo hakuhitaji kuichunguza. Aliifupisha mwenyewe.

Akaketi kwenye kipande chake cha godoro.

Minyororo miwili ya mkia hutakiwa ilingane, pedali zikiwa sawa. Hilo alilijua kabla hajaolewa. Na sasa wa kulia ulikuwa mfupi na mgumu, kama mkono wa shati lililokatiwa mtu mwenye bega moja. Mtu huyo alikuwa nani? Ndege haikuwa imebadilika. Injini ilivuta kushoto leo kama ilivyovuta mwaka juzi. Kilichopungua ni kile kilichokuwa kikiirudisha kulia.

Mguu.

Mambo yakaanza kumjia moja moja, yasiyo na haraka. Ndala ya kulia ya mume wake, ile inayomtoka mlangoni, naye akiilaani kuwa imelegea. Ngazi za nyumbani: siku hizi alipanda mguu wa kushoto, akauvuta mwingine, akapanda tena wa kushoto, na akionwa husimama kana kwamba amekumbuka jambo. Suruali, ambayo zamani aliivaa amesimama huku akiimba, sasa aliivaa ameketi kitandani. Gari: "Endesha wewe, mimi nimechoka na usukani." Yote aliyaona. Hakuna hata moja aliloliuliza. Na hapa kazini, pingili kwa pingili, mikono yake ilikuwa ikimfichia siri ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameambiwa.

"Umeona nini?" Dada Zamu aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimeona kazi yangu."

"Imeharibika?"

"Imefanywa vizuri mno," alijibu, akachukua koleo.

Akarudisha pingili. Akatoa springi ngumu, akaweka inayofanana na mwenzake. Akapima akiwa amefumba macho, akapima tena kwa utepe, na alipomaliza minyororo ililingana kama nywele za kusuka. Ndege ilikuwa sawa. Ndipo hofu ilipomwingia hasa. Kesho asubuhi mume wake alikuwa na safari: daktari na wauguzi wawili, kwenda kwenye kiwanja kilichobanwa kati ya mtaro na ukuta wa shule. Akiiacha ndege hivi, na ule mguu, haitashikika. Akirudisha mnyororo mfupi, itashikika kesho, na mwezi ujao atabana tena, hadi siku ambayo hakuna pingili ya kupunguza. Na akisema, madaktari wa marubani watampima, watamnyang'anya kibali, na mtu aliyemwoa atabaki chini. Hakuwahi kumjua akiwa chini. Hata akiwa mezani alikuwa ni mtu aliyetua tu kwa muda.

Rubani alifika alasiri, angali na shati zuri la safari, vumbi la barabara mabegani. Alikuwa amesikia getini.

"Mmeniharibia ndege! Siku mbili tu mmepewa muitunze." Akaizunguka akitazama ncha ya bawa, akitembea polepole. "Dada Zamu yuko wapi nimtanie?"

"Yuko ofisini. Binti amefika salama?"

"Amefika. Alilia kidogo, mimi nikalia zaidi. Ilikuwa nini, kijino?"

"Panda ndani," mkewe alisema. "Nataka unisaidie kupima."

"Sasa hivi? Hata maji sijanywa."

"Sasa hivi, Baba."

Hakuwahi kumwita hivyo karakana. Rubani alimtazama, akapanda. Alishika nguzo ya bawa, akaweka mguu wa kushoto, kisha akauinua wa kulia kwa kushika suruali gotini, haraka, kama anayekung'uta vumbi. Mkewe aliona. Akaenda nyuma, akapiga magoti, akalishika gurudumu kwa mikono miwili.

"Kanyaga kushoto. Mimi nitalizuia, wewe nishinde."

Mnyororo wa kushoto ukakaza. Gurudumu likazunguka mikononi mwake, likamvuta mabega, akateleza kwenye sakafu pamoja na godoro lake.

"Umeshindwa!" sauti ya kucheka ilitoka mbele.

"Nimeshindwa. Haya, kulia."

Alilishika tena. Hakulikaza. Alilishika kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, tayari kumwachia. Mnyororo wa kulia ulinyanyuka kidogo, ukatetemeka, ukabaki hapo. Alisubiri. Nje mtu alikuwa akiburuta pipa.

"Kanyaga, Baba."

Sauti ikatoka mbele, isiyokuwa na kicheko tena: "Nimeshakanyaga."

Mkewe aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ndege, kwenye kitambaa alichokishona yeye, na kupitia kitambaa alimsikia akijaribu tena: pumzi ikikusanywa, kiti kikilia, mnyororo ukitetemeka palepale.

"Imefika?" aliuliza mume.

Angeweza kusema imefika. Kutoka kwenye kiti kile mtu haoni mkia. Maisha yake yote ya urubani aliuamini mkia kwa sababu ya mtu aliyepiga magoti nyuma.

"Haijafika," alisema.

Alipokwenda mbele alimkuta ameshika goti lake kwa mikono miwili, analitazama kama kitu alichoazima.

"Tangu lini?" aliuliza mke.

"Tangu mvua. Mwanzo ulikuwa unakufa ganzi tu, nikasema nimeukalia vibaya. Wewe umejua lini?"

"Leo mchana. Vifaranga wameniambia."

Alicheka kidogo. "Nilijua ukibana mnyororo nitakuwa sawa. Kila ukibana nilikuwa sawa. Nikasema Mungu amenipa mke fundi, basi, ya nini kuwasumbua madaktari?"

"Mimi nilikuwa nakushonea nguo, Baba. Ugonjwa ningeushoneaje?"

"Usiseme hivyo. Hukujua."

"Nilikaa nao nyumba moja."

Rubani akasema, "Nirudishie ile springi. Safari ya kesho tu. Nimpeleke daktari, nikirudi nakwenda mwenyewe hospitali, naapa."

"Hapana."

"Ya mwisho."

"Kuna wauguzi wawili ndani. Mmoja umri wa binti yako uliyemlilia jana." Sauti yake ilikuwa laini, ila haikuwa na mlango. "Springi ninayo mfukoni. Sikupi."

Rubani alikaa muda mrefu kwenye kile kiti. Aligusa mshale mmoja, akagusa kioo. Kisha akanyoosha mkono, na mkewe akampa bega. Alishuka mguu wa kulia na wa kushoto kila mmoja ulivyoweza, bila kuuficha ule mgonjwa. Akaenda ofisini kumwambia Dada Zamu kwa mdomo wake, akivuka sakafu ile mguu ukiburuta wazi, wenzake wakijifanya wanatafuta spana. Mkewe hakumfuata. Alibaki akipaka grisi mahali palipokwisha kupakwa.

Asubuhi walisimama pamoja kando ya kiwanja. Gari lilikuwa limegeuzwa tayari kuelekea hospitali, bahasha ya vipimo vya zamani ikiwa juu ya kiti. Hakuna aliyejua wataambiwa nini huko: mshipa uliobanwa mgongoni, alisema daktari yule wa safari kabla ya kupanda, au kitu kingine, hapimi mtu kwa macho. Dada Zamu aliwapungia kutoka nyuma ya kioo. Injini ikapanda sauti, majani yakalala, ndege ikaanza kukimbia.

Ilikwenda moja kwa moja, kama mkasi kwenye kitambaa kilichokunjwa vizuri. Mama Mkia aliufuata mkia kwa macho hadi ulipoinuka, kama alivyozoea. Kisha akateremsha macho. Mume wake alikuwa amekaza taya, anatazama mbele, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kikikandamiza nyasi kwa nguvu zote zilizobaki, kikiizuia ndege isivutwe kushoto. Alikandamiza hadi ilipopita juu ya uzio, hadi ikawa ndogo. Hapo ndipo alipoulegeza mguu, jasho likimtiririka shingoni.

Mama Mkia alimpa mkono, wakaelekea kwenye gari. Alitembea hatua ndogo, zinazolingana na za mumewe.